Tairi linazeeka hata likisimama: nyumba za magurudumu na mpira wa Congo

Mwaka 1938 Mwitalia mmoja, Attilio Gatti, alileta katika Congo ya Wabelgiji nyumba mbili zenye magurudumu. Zilitoka Marekani. Kampuni ya International Harvester ilitoa magari ya kuzivuta, na umbo lake lilichorwa na Alexis de Sakhnoffsky, mtu wa ukoo wa kikabaila wa Urusi aliyejulikana kwa kuchora motokari za matajiri. Wamarekani waliziita mashua za fahari za porini. Zikisimamishwa ubavu kwa ubavu, ziliunganishwa zikawa makao ya vyumba vitano: mahali pa kulala, jiko, bafu, friji, redio, mashine ya umeme, hata chombo cha kupooza hewa. Wakati huo wakaaji wengi wa vijiji vilivyopitiwa na barabara za mkoloni walikuwa bado wanachota maji mtoni na kulala chini ya majani.

Picha zake zinaonekana hata leo katika vitabu vya magari ya kale. Watu wa Ulaya na Marekani wanazipenda. Wanaangalia viti vya ngozi na taa za umeme. Wachache sana wanashusha macho hadi chini, kwenye matairi, na hapo ndipo penye historia yetu sisi Wacongo.

Tairi la wakati huo lilikuwa mpira uliofunikwa juu ya nyuzi za pamba, na ndani yake mpira mwingine wa kushika upepo. Joto lilikuwa adui yake wa kwanza. Ukilibebesha mzigo mkubwa, likikosa upepo wa kutosha, mbavu zake zinakunjwa na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, zinapata moto, na nyuzi zinaachana na mpira. Mashine ya umeme, friji, matangi ya maji na samani zote za Gatti zilikaa juu ya matairi ya namna hiyo, katika nchi ambayo barabara zake zilikuwa udongo mwekundu na madaraja mengi yalikuwa magogo. Nyumba ya magurudumu ina shida moja ambayo lori la kawaida halina: haipakuliwi kamwe. Lori linafika, linashusha gunia, linapumzika. Nyumba inalala na mzigo wake mgongoni.

Sasa, mpira huo ulitoka wapi?

Tairi la upepo lenyewe lina umri wa kama miaka 140 tu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki tena kwa jua wala kuvunjika kwa baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama kutoka Scotland aliyekuwa akifanya kazi Belfast, alifunga mpira wenye upepo kwenye magurudumu ya baiskeli ya mtoto wake. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliingia katika mashindano ya Paris kwenda Bordeaux na kurudi kwa motokari yenye matairi ya upepo. Yaliwapasukia njiani mara nyingi, lakini walifika, na kuanzia hapo tairi la upepo likaanza kuchukua nafasi ya magurudumu ya chuma na ya mpira mgumu.

Ulaya ikaanza kuutafuta mpira kwa fujo. Miti ya mpira ilikuwa Brazil. Mbegu alizochukua huko Mwingereza Henry Wickham mwaka 1876 zilikuwa zimepandwa Asia, lakini mti wa mpira unahitaji miaka kabla ya kutoa maziwa, na mashamba makubwa yalikuwa bado. Katika Congo hapakuwa na haja ya kupanda. Msituni kulikuwa na kamba za mpira zinazopanda juu ya miti, za jamii ya Landolphia, na mfalme Léopold II wa Ubelgiji alikuwa ameifanya nchi nzima kuwa mali yake tangu 1885. Alitangaza kwamba ardhi isiyolimwa wala kujengwa ni ya Dola, na mavuno yake pia. Mwaka 1892 kampuni ya ABIR ilipewa eneo kubwa kaskazini, pande za mito Lopori na Maringa.

Yaliyofuata wazee wetu waliyaita mambo ya Bula Matari. Kila mwanamume alipangiwa kiasi cha mpira. Akishindwa kukitimiza, mke wake anafungwa mpaka akilete. Kuna fimbo ya ngozi ya kiboko, kuna bunduki. Askari wa Force Publique na walinzi wa kampuni waliotakiwa kuonyesha kwamba hawakupoteza risasi ovyo walirudi na mikono iliyokatwa. Mwezi wa tano 1904, katika misheni ya Baringa, Alice Seeley Harris alipiga picha ya Nsala wa kijiji cha Wala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, vitu pekee alivyobakiziwa na walinzi wa ABIR. Picha hiyo ilizunguka Ulaya na Marekani. Ni vigumu kuitazama mara mbili.

Lakini kuna jambo jingine ambalo wasimulizi huliruka, nalo linawahusu wengi wanaosikiliza wakiwa mbali na kwao. Mwaka 1903 Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipopanda mto Congo kuchunguza habari hizo, karibu na Bolobo aliwakuta wafua chuma waliohama kutoka upande wa ziwa lililoitwa wakati huo Léopold II, leo Mai-Ndombe. Walikuwa wageni kwenye ardhi ya wenzao. Walimweleza jinsi kamba za mpira zilivyokwisha karibu na vijiji, jinsi walivyolazimika kuingia msituni mbali zaidi kila mara, wakilala bila chakula, wengine wakiliwa na chui, mashamba yakibaki bila mlimaji. Ndipo wakafunga mizigo. Neno «wakimbizi wa ndani» halikuwepo bado katika karatasi za wazungu, ila watu wenyewe walikuwepo, na kilichowafukuza ni tairi. Taarifa ya Casement ilitoka 1904. Miaka minne baadaye, tarehe 15 Novemba 1908, Léopold aliachia nchi kwa serikali ya Ubelgiji.

Mpira wa msituni ulianguka bei wenyewe mara mashamba ya Asia yalipoanza kutoa. Huruma ilisaidia, lakini hesabu ya biashara ndiyo iliyofunga maduka.

Kisha magari yenyewe yakaja. Tarehe 28 Oktoba 1924 magari 8 ya Citroën yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, yakiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Safari hiyo iliitwa Croisière Noire. Yalivuka Sahara, yakaingia Congo, yakafika Stanleyville, ndiyo Kisangani, yakapita nchi ya Wamangbetu huko Uele, hadi Uganda. Kampala yaligawanyika makundi manne: moja likashika njia ya Mombasa, jingine Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, la nne Cape Town. Mwezi wa sita 1925 Haardt alikuwa amefika Madagaska.

Ujanja wao ulikuwa huu: magurudumu ya nyuma yaliondolewa. Mahali pake paliwekwa mikanda ya mpira, kazi ya Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyekuwa fundi wa magari ya mfalme wa Urusi kabla ya mapinduzi ya 1917. Mkanda unatawanya uzito juu ya mchanga na matope, ambapo tairi jembamba lingezama. Hata hivyo mkanda unachakaa, na kuubadilisha porini ni kazi ya siku. Ndiyo maana misafara kama hiyo ilitanguliziwa akiba ya petroli na vipuri njiani, na ndiyo maana barabara ilitakiwa iwe tayari kabla yao. Aliyeitayarisha katika Congo ni mwanakijiji mwenye jembe na panga, kwa kazi ya lazima. Katika vitabu vya safari hizo madereva wana majina, na magari yana majina: moja liliitwa Scarabée d'Or. Waliolima barabara hawana.

Gatti alikuwa mtu wa kizazi hicho, ila yeye alikuja kukaa. Na kukaa ndiko kunakoharibu nyumba ya magurudumu kuliko kutembea. Watu wengi hawaamini hili, hata madereva wazoefu, kwa hiyo linahitaji kuelezwa polepole.

Tairi la lori la biashara linakufa kwa kwisha meno. Linatembea kila siku, mpira unakwanguliwa na barabara, siku moja ni upara, linatolewa. Tairi la nyumba ya magurudumu ni kinyume: linatembea wiki chache kwa mwaka, na siku nyingine zote limesimama mahali pamoja, limebeba tani zilezile. Meno yanabaki marefu kana kwamba limetoka kiwandani jana. Ndani yake mpira unazeeka. Hewa inauchoma polepole, jua linaukausha, nao unapoteza ulaini. Viwanda huchanganya ndani ya mpira dawa na nta za kuzuia hali hiyo, lakini dawa hizo hupanda juu ya ngozi ya tairi pale linapokunjwa na kukunjuka katika mwendo. Tairi lililosimama halijipaki mafuta. Linapasuka nyufa ndogo mbavuni, kama udongo wa kiangazi, na siku mwenye gari anapoamua kusafiri, joto la kilometa za kwanza linamaliza kazi.

Wenye nyumba za magurudumu huko Marekani na Ulaya walijifunza hayo kwa gharama. Mwaka 1966 kampuni ya Winnebago, huko Iowa, ilianza kutengeneza magari ya kulala kwa wingi na kwa bei ya watu wa kawaida, na miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimeegeshwa nyuma ya nyumba. Tangu hapo mafundi wao wana kanuni: tairi likifika miaka 5, likaguliwe na mtu anayejua kila mwaka, likifika 10, litolewe hata kama linang'aa. Wengi hawangoji 10. Gari lisimamishwe juu ya mbao, si juu ya udongo wenye maji wala mafuta. Matairi yafunikwe jua lisiyapige. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa sababu likishapata moto kipimo kinadanganya.

Na vyombo vya ndani vina tabia ileile. Mashine ya umeme isiyowashwa inaharibika: petroli inakaa ndani ya kabureta mpaka inakuwa gundi. Inatakiwa iwashwe kila mwezi na ipewe kazi ya kufanya, taa au friji, isiachwe kunguruma bure. Betri iliyoachwa bila chaji inajifunika chumvi ndani na haikubali tena kushika moto. Friji ya gesi inataka gari lisimame sawasawa, isiinamie upande; na mipira ya gesi iliyokauka ni hatari kuliko tairi lolote, maana inavuja usiku watu wakiwa wamelala.

Vita ya pili ilipofika, mambo ya zamani yalirudi. Tarehe 15 Februari 1942 Wajapani waliteka Singapore, na mashamba ya mpira ya Malaya yakawa mikononi mwao. Malori ya kijeshi na ndege za Uingereza na Marekani zilikuwa na njaa ya matairi. Serikali ya Congo ya Wabelgiji ikawarudisha watu msituni kutafuta kamba zilezile walizozikimbia babu zao. Siku za kazi za lazima zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mwaka 1944 pande za Masisi na Lubutu ulizuka uasi wa Wakitawala ulioongozwa na Bushiri, watu wakiwa wamechoshwa na madai ya vita, mpira ukiwemo. Ulizimwa kwa bunduki. Masisi inatajwa kila siku katika habari za leo, mara nyingi kana kwamba taabu zake zilianza juzi.

Baada ya uhuru, na hasa miaka ya 1970 na 1980, nyumba za magurudumu zilirudi kwa sura nyingine. Vijana wa Ulaya walinunua malori ya zamani ya jeshi la Uingereza, Bedford hasa, wakayatia viti, majiko na mahema, wakashuka kutoka Sahara hadi Zaïre. Walivuka mto Ubangi kutoka Bangui hadi Zongo, wakapita Bumba, Buta, Kisangani, Epulu, Beni, wakamalizia Goma. Barabara zilikuwa zinakufa. Mashimo mengine yalimeza lori zima, na kilometa chache ziliweza kula siku nzima. Walibeba vyuma vyenye matundu vya kutandika juu ya matope, matairi ya akiba mawili au zaidi, pampu na viraka. Aliyewaokoa mara nyingi alikuwa fundi wa kijijini mwenye vyuma viwili na nyundo. Vita vya miaka ya 1990 vilifunga njia hiyo.

Fundi hakwenda popote. Anaitwa kwado, na kibanda chake kinajulikana kwa tairi moja lililosimamishwa kando ya barabara. Katika Goma ana kazi kuliko miji mingi, kwa sababu mji umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na ile ya 22 Mei 2021 ikafika hadi kando yake. Jiwe hilo likivunjika lina makali ya chupa. Halitoboi tu chini penye meno, linakata ubavu, na ubavu uliokatwa hauzibwi kwa kiraka kikashika mzigo. Kwado mwaminifu anamwambia mteja hivyo na kupoteza kazi. Asiye mwaminifu anapachika kipande cha tairi la zamani kwa ndani, anarudisha mpira wa ndani, anapokea franka zake.

Gari linapoinuliwa, fundi mzuri haangalii tairi bovu tu. Anazungusha gurudumu kwa mkono kusikia kama beringi zinalia, anatazama kama grisi imevuja kwenye breki. Nyuma penye matairi mawili mawili anaingiza mkono katikati, kwa kuwa tairi la ndani ndilo linalosahauliwa: likikosa upepo, la nje linabeba mzigo wa mawili, na jiwe lililonaswa kati yao linayala yote. Pete ya chuma ya rimu za zamani anaiogopa. Isipokaa vizuri, upepo ukijaa inaruka kama risasi. Imeua mafundi katika nchi nyingi, ndiyo sababu wengine wanaifunga kwa mnyororo kabla ya kupiga pampu. Malori kadhaa ya kale ya Marekani yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume, na asiyejua hilo anavunja bolti akidhani zimeshika kutu. Na baada ya kubadilisha gurudumu, nati zinakazwa tena kilometa 80 au 100 mbele. Hatua hii ndogo madereva wengi wanairuka.

Ubaya mpya umekuja na pine za okazio. Tairi lililotolewa Ulaya kwa sababu ya umri, si kwa sababu ya kuchakaa, likifika sokoni kwetu linaonekana zuri kuliko yote: meno marefu, rangi nyeusi, pengine limepakwa kitu cha kung'arisha. Bei ni nafuu. Mnunuzi anaweka kidole kwenye meno, anaridhika. Alitakiwa asome ubavu. Baada ya herufi DOT kuna maandishi, na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2313, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2013. Ukiona tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na bei yake iwe ya kandambili. Mara nyingine tarehe iko upande mmoja tu, na muuzaji mjanja anaufunga upande huo kwa ndani. Inabidi kulala chini ya gari na tochi.

Mambo haya si ya watalii. Kamyo inayotoka Rutshuru au Masisi siku ya hofu inabeba magodoro, masufuria, mbuzi, wazee, na watoto juu kabisa ya mizigo. Kwa siku mbili tatu ndiyo nyumba yao. Uzito umepita kipimo, dereva anakimbiza, matairi ni ya miaka 12. La mbele likipasuka, usukani unamtoka mkononi. Kumwambia mama aliyebeba mtoto mgongoni kwamba akague matairi kabla ya kupanda ni kumdhihaki; hana gari la kuchagua. Anayeweza kuangalia ni mwenye gari, siku za utulivu, kabla hajahesabu faida ya safari. Vyama vya madereva navyo vinaweza, na vinajua.

Tairi likishakataliwa na kwado bado halitupwi. Linakatwa kwa kisu kilicholowekwa maji. Ubavu unakuwa viatu vya mlimaji, na vipande vya juu vinapigiliwa misumari kuzunguka magurudumu ya mbao ya chukudu, ile inayoshusha viazi na makaa kutoka milimani na ambayo sanamu yake imesimama kwenye mzunguko wa barabara mjini Goma. Hapo hakuna upepo wa kujaza. Chukudu inapita juu ya mawe ya lava, mwenyewe amepiga goti moja juu yake, gunia mbele, na mpira chini unaendelea kuchakaa kwa miaka kadhaa tena.